Makapi Waliyala Kuku

Hasira zangu ziko karibu, puani hapa, na nyumbani kwetu kila mtu analijua hilo. Naanza kulisema mwenyewe ili baadaye msije mkadhani nilitaka kujifanya malaika.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu, mvua zimekolea, baba yangu aliponyanyuka kwenye cherehani, akashika ukuta, akajikalia sakafuni. Baba ni fundi wa kanzu na kofia hapa mjini Tabora, na tangu nimepata akili sikuwahi kumwona akikaa sakafuni katikati ya kazi. Mimi naishi kwake na watoto wangu wawili tangu mama alipofariki. Tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali, akapimwa, daktari akasema damu imepungua. Akamuuliza anakula nini. Baba akajibu kwamba anakula vizuri, alhamdulillahi. Nikamkatiza hapo hapo. Nikasema anakula wali na mchuzi, anachovya mkate kwenye chai, basi. Tangu ang'olewe magego mchicha unamkwama kooni, na tunda akiwekewa mezani analitazama tu mpaka nzi wanalimaliza.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alimwandikia vidonge, akasema ale pia mboga za majani na matunda kila siku, kwa namna yoyote atakayoweza kumeza. Kisha akataja Ramadhani, ambayo ilikuwa imebaki kama wiki saba. Baba arudi kupimwa mara mbili kabla ya mwezi kuandama. Damu ikipanda, atafunga. Isipopanda, hafungi.

Baba hakubishana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana baba yangu hubishana na kila mtu, hata na redio. Amefunga tangu ana miaka tisa, hajaacha mwaka hata mmoja. Njia nzima ya kurudi kutoka hospitali ya Kitete alikuwa anafuta miwani kwa pindo la kanzu, anaivaa, anaivua, anaifuta tena.

Wazo la blenda alilileta binti yangu. Alikuwa ameona kwenye simu wanawake wanasaga majani na matunda pamoja, wanaita smuzi, wanakunywa asubuhi ngozi zao zinang'aa. Nikamwambia majani mabichi ndani ya juisi ni vituko vya watu wasio na kazi. Lakini nikawaza: matembele si ndiyo hayo hayo tunayochemsha tukampa maji yake mzazi aliyepungukiwa damu? Nikaishusha blenda juu ya kabati, ilikokaa imevishwa mfuko ikisubiri Idi.

Kazi niliifanya kwa moyo, nasema ukweli. Kila asubuhi mama mmoja wa kijiji cha Ntalikwa alipitisha baiskeli yake mlangoni na mafungu ya matembele na mchicha yenye umande bado. Ndizi nilizinunua sokoni, zile zinazoshuka na treni kutoka Kigoma. Maembe yalikuwa kwenye msimu wake, ya ile miembe mikongwe ya njia ya misafara kule Kwihara. Hayo maembe ni matamu, weee, lakini yana nyuzi: ukila mawili unashinda unachokonoa meno. Ndiyo maana kwetu juisi lazima ichujwe. Mama alinifundisha hivyo tangu mdogo, kwamba kumpa mgeni juisi yenye makapi ni kumtukana. Je, baba mzazi?

Basi nikachuja. Kwanza kwa chujio la plastiki, halafu kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe baba alinishonea kwa mkono wake, kipande cha kanzu kilichobaki, akakitia na kamba ya kufunga mdomo. Nilikuwa nakamua mpaka mikono inauma. Kilichotoka kilikuwa kijani chepesi, kinapitisha mwanga, kizuri machoni. Baba alikunywa bilauri kubwa asubuhi na nyingine alasiri, hakulalamika hata siku moja. Makapi niliwamwagia kuku uani. Na hao kuku, jamani, walinawiri. Manyoya yaling'aa kama wamepakwa mafuta, jogoo akawa anawika ovyo saa zote, mitetea wakataga mpaka nikawa nagawa mayai kwa majirani. Nikajisifu kwamba nyumba yetu imeingia baraka.

Wiki ya tatu tukarudi kupima. Damu ilikuwa imesogea kidogo sana, ya kutafuta kwa tochi. Daktari akasema bado, kwa hali hii hafungi.

Hapo mori ukanipanda. Nilijizuia hospitalini, nikajizuia kwenye bajaji, tulipofika nyumbani nikalipuka. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekuja kujua habari. Mbele yake nikamwambia baba kwamba anamwaga juisi. Nikasema najua anamwaga, dirishani, bila shaka, ndiyo maana mnanaa wa pale chini umeshamiri vile. Nikasema najikamua kila siku kwa ajili yake naye ananifanya mjinga. Baba akainuka, akaingia chumbani kwake, akarudishia mlango taratibu. Shangazi alinisema siku hiyo mpaka nikatamani ardhi inimeze, akaniuliza nimejifunza wapi kumwita baba yangu mwongo. Na bado nilikuwa na hasira.

Kesho yake mama wa Ntalikwa akaja kama kawaida. Akaegemeza baiskeli, akaingia uani kunipa matembele, akanikuta nawamwagia kuku makapi ya asubuhi. Akasimama. Akauliza ni nini kile, nikamweleza kwa kirefu: baba, damu, blenda, chujio, kitambaa. Nilieleza kwa fahari kidogo. Yeye akainama, akachota makapi kwa vidole, akayanusa, akawatazama wale kuku.

"Dada," akasema, "matembele yangu unawapa kuku. Baba unampa maji."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika baiskeli isianguke, na mimi nikabaki na bakuli mkononi, nimenywea. Mitetea walikuwa wanadonoa miguuni pangu, wanene, hawana habari. Wiki tatu nzima nilikuwa nimewalisha wao dawa ya baba.

Nilikwenda chumbani kwake kabla sijanawa mikono. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, nikamweleza yote. Nilidhani atacheka, au atanigombeza, na kwa vyote viwili nilikuwa tayari. Yeye akavua miwani, akaiweka kitandani.

"Sikumwaga hata tone," akasema. "Nilikunywa hata nilipokuwa nimeshiba, maana nataka kufunga."

Nikamwambia kwamba Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa, na kwamba yeye atamlisha maskini badala ya kufunga, hakuna atakayemlaumu.

"Hilo nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa. Njaa siiogopi, na lawama siiogopi. Naogopa adhuhuri ile. Nyumba nzima mmefunga, unaniletea sinia, unarudishia mlango nile peke yangu. Mwanangu, tangu mama yako aondoke nakula peke yangu. Ramadhani ndiyo mwezi pekee ninaokula na watu."

Mimi ndiye niliyeanzisha hilo la sinia. Mama alipofariki niliona si heshima mzee kula katikati ya kelele za watoto, nikawa namwandalia chumbani kwake, chakula kizuri, kimefunikwa kawa, namtengea na maji ya kunawa. Kumbe miaka yote hiyo nilidhani namheshimu, na yeye anahesabu miezi. Mchana ule nilitandika mkeka ukumbini, nikamwita. Alikuja upesi kuliko nilivyotarajia.

Juisi tukaianza upya, safari hii bila kuchuja. Ya kwanza ilikuwa mbaya, sitaki kudanganya. Ilikuwa nzito, ina nyuzi za maembe, ina vipande vya majani, na baba aliimeza huku amefumba macho. Tukajifunza polepole. Maembe tukayaacha tuyale kwa mkono, tukatia papai lililoiva, ambalo halina nyuzi. Matembele tuliyachambua majani machanga tu, tukayamwagia maji ya moto, tukayatoa hapo hapo, ule ukali ukapungua. Ndizi moja, ndimu nusu, kijiko cha asali ya huku kwetu, na blenda iachwe izunguke mpaka uchoke kusubiri. Ikawa laini, kijani kibichi, inashuka yenyewe. Siku umeme ulipokatika tulitwanga majani kwenye kinu, binti yangu anatwanga, mimi naponda papai kwa mwiko, baba amekaa kwenye kigoda anatutoa makosa sote wawili kwa pamoja. Alikuwa ameanza kubishana tena. Shangazi naye akawa anakuja kila alasiri, eti kumjulia hali kaka yake, na haondoki mpaka amepata bilauri yake.

Kuku, nao, walirudi kwenye pumba. Mayai yakapungua, majirani wakauliza kulikoni.

Siku ya kipimo cha mwisho nilivaa baibui ndani nje, nisijue mpaka nilipofika hospitali. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umebakiza siku nne. Tulikaa kwenye benchi, baba ananieleza jinsi mshonaji wa kanzu ya jamaa aliyekaa mbele yetu alivyokosea kola. Daktari akatuita. Akasoma karatasi, akaisoma tena, akatabasamu. Akasema damu imepanda vizuri, afunge, ila akihisi kizunguzungu afungue bila ubishi, na juisi asiiache. Baba akamshukuru kwa utulivu wa mtu mzima. Tulipotoka nje aliniomba tusimame kidogo, akageukia ukuta, nikajifanya natafuta bajaji.

Mtaani kwetu wanaume hufuturu nje, barazani, kila nyumba inatoa sinia lake na wote wanakula pamoja. Siku ya kwanza ya Ramadhani niliwapelekea uji, tende, mihogo ya nazi na jagi la juisi ya kijani, nikarudi jikoni kusubiri adhana. Ikaadhiniwa. Kukawa kimya, ule ukimya wa watu wenye njaa wanaotafuna. Halafu nikasikia sauti ya baba, anabishana na jirani kuhusu nani kapata kipande kikubwa cha muhogo, na wenzake wanamchangia, wote kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Na baba akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mama afariki, nilikuwa nimesahau kwamba anacho.

Tende yangu ilikuwa bado mkononi. Nilikaa chini pale pale jikoni, nikalia kwanza, ndipo nikafuturu.