Mstari wa Solange

Solange Barrau akianza kukusimulia kijiji cha Larzelle, sahau kuondoka mapema. Atakuanzia darajani, akuonyeshe tao lililolipuliwa vitani na kujengwa upya kwa mawe yaleyale, yaliyopigiwa mbizi mtoni. Atakupandisha kanisani, kwenye mnara ulioinama kidogo, na ole wako ucheke. Kisha atakuteremsha hadi banda la kufulia, ambako kila mafuriko makubwa ya mto Dordogne yamechongewa mstari ukutani. Ungeapa kitovu chake kimezikwa hapo.

Wapi! Alizaliwa ng'ambo ya mto, mahali anapopaona kutoka dirishani kwake. Alivuka daraja kuja kuolewa, akazaa, akamzika mumewe, mvi zikamjaa, na bado akaitwa "yule wa ng'ambo". Jina hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Zaidi ya yote alitamani kuchonga mstari bandani, lakini kwa desturi ya Larzelle patasi hushikwa na wazawa tu.

Mtunza patasi alikuwa mwashi Fulbert Maury, mzee asiye na simile.

"Bi Solange, kijiji chetu unakijua kutushinda. Hasara yako umezaliwa upande wa vyura."

"Na wewe umezaliwa upande wa midomo," alimjibu, akicheka kwa meno tu.

Mwaka huu mto ulifurika siku ya soko. Wenzake wakihangaika kuokoa jibini na mapipa ya mvinyo, Solange alijitosa katika kikanisa cha ukingoni, maji kiunoni, akamkumbatia Mtakatifu Nikolasi wa mbao, mlinzi wa mabaharia wa mto tangu enzi za mababu. Akamkokota hadi ghorofani kwake, na maji yakawafungia humo wote wawili.

Yalipopungua, kijiji kilikuta kikanisa kitupu. Wanaume wazima walilia. Fulbert ndiye aliyepanda kwa Solange kumjulia hali, akamkuta mtakatifu ameketi kando ya jiko, amevalishwa sweta ya marehemu Barrau ili asipasuke kwa kukauka haraka. Alivua kofia.

Jumapili watu walijaa bandani. Fulbert alitazama alama ya tope ukutani, kisha akamnyooshea Solange patasi na nyundo.

"Mimi? Wa upande wa vyura?"

"Chonga bwana, tunapigwa baridi!"

Alichonga machozi yakimtiririka, wala hakujisumbua kuyafuta. Alipomaliza, Fulbert alisogeza miwani.

"Umeupinda."

"Na huu wa babu yako, uliolala kama mlevi?"

"Basi kweli wewe ni wa hapa," akasema Fulbert. "Hakuna mzawa aliyewahi kuunyoosha."

Siku hizi ukifika Larzelle, Solange haanzii tena darajani, bali bandani.