Fainali ya Kuzunguka Dunia

Mimi nilianza na gunia moja la viazi vya Molo, leo nina malori matatu. Hakuna kitu kingenishangaza. Jioni hiyo, sebuleni kwangu Nakuru, mimi, mama yangu na binti yangu tulikuwa tunaangalia fainali ya mashindano ya TV ya kuzunguka dunia. Binti yangu alikuwa ameniomba nauli ya kwenda kufanya kazi Uarabuni, nikakataa, maana msichana wa jirani alirudi kutoka huko kwa jeneza.

Kwa TV, ndugu wawili walikuwa wa mwisho, tena wamepotea njia.

“Hao wakishinda,” nikajigamba, “tiketi nakukatia kesho!”

Binti hakuangalia TV. Aliniangalia mimi. Mama yangu akaweka kikombe chini.

“Umesema mbele yangu, mwanangu.”

Kwetu, ahadi iliyosikiwa na mama mzazi hairudishwi. Wale ndugu wakapata teksi, wakafika wa kwanza.

“Baba, fainali hii ilionyeshwa ng’ambo wiki jana,” binti akasema polepole. “Niliiona kwa simu.”

Hakucheka, na hakuna aliyezima TV. Kesho yake nikalipa tiketi ya kwenda tu: shilingi elfu arobaini na sita, mia tatu na hamsini.