Mswaki Kwenye Droo

"Hivi Adoma, huyo wakili mkuu wenu ana kwake kweli?" jirani alimuuliza siku moja, wakacheka. Adoma alikuwa amemchemshia mzee huyo chai miaka kumi na tisa katika ofisi ya mawakili mjini Kumasi. Mswaki wa mzee ulikaa kwenye droo ya meza yake ya kazi. Kitambaa chake cheusi cha kujitanda mazishini kilikaa kabatini mle ofisini, ili Jumamosi atoke mezani, aende msibani, arudi mezani. Mkewe akipiga simu, mzee alilamba kidole, akafunua ukurasa wa kesi, akasema kwa upole, "Nakuja sasa hivi, mama." Hata mkewe alipochoka akahamia kwa binti yao mjini Takoradi, kidole kiliendelea kufunua.

Ijumaa moja mzee alistaafu, akamkabidhi uongozi wakili kijana wa kike. Wakasali, wakanywa soda. Adoma akamkuta mzee mlangoni, mswaki mfukoni mwa shati, kitambaa cheusi mkononi.

"Sasa ni kupumzika tu, baba," Adoma alimwambia. "Mungu amekupa muda."

Mzee akalamba kidole, akakosa cha kufunua.

"Adoma, Jumatatu saa mbili asubuhi nipigie simu, tafadhali. Uniambie kuna mtu ananisubiri."