Miezi Niliyopika Nikiwa Nimelala

Daktari aliponiambia nilale, sikumwelewa. Nilidhani anataka nipunguze kazi, nijilaze baada ya adhuhuri, nimwachie mwingine ndoo za maji. Aliona jinsi nilivyoitikia kwa haraka, akaweka kalamu chini na kurudia polepole. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Damu ilishatoka mara moja. Ikitoka tena kwa wingi, mimi na mtoto tutakuwa hatarini.

"Kitanda na choo tu," alisema. "Usipande ngazi. Usisimame jikoni."

Sasa, nyumba yetu ni ya mji wa kale wa Amu, nyembamba, imekwenda juu. Chini kabisa amepanga muuguzi mmoja kutoka bara ambaye mtaa mzima unamwita Sista. Katikati ni vyumba vyetu. Jikoni kuko darini, chini ya makuti, ili moshi upate pa kwendea. Kwa hiyo kuambiwa nisipande ngazi ilikuwa ni kuambiwa jiko langu si langu tena mpaka nizae.

Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Ana mikono ya kufungua kila kitu, lakini tangu nimjue alikuwa hajapika zaidi ya chai, na hiyo chai huichemsha mpaka inakuwa nyeusi. Mamake alishafariki. Mamangu alikuwa Kizingitini akimuuguza babangu aliyevunjika nyonga, hakuweza kuja. Mwanzo tulikula vya kununua: chapati na maharagwe, viazi vya karai, mkate na samaki wa kukaanga aliyelala kwenye mafuta tangu asubuhi. Kiungulia kikanishika nikawa nakaa nimeegemea mto, nikimeza mate.

Asubuhi moja mume wangu akaja akasimama mlangoni mwa chumba na changu wawili wamefungwa kwenye mfuko.

"Niambie," alisema. "Nitapika mimi."

"Utapikaje na mimi niko huku?"

"Simu si ipo? Nikikwama nakupigia."

Akapanda. Baada ya muda simu yangu ikalia, mtu ananipigia kutoka juu ya kichwa changu. Nilimwambia awaoshe samaki, awatie chumvi na ndimu, awaache hapo wakati anatwanga kitunguu saumu, halafu awafute maji kwa kitambaa safi kabla ya kuwatia kwenye mafuta. Hilo la kuwafuta alilipuuza. Nilisikia mafuta yanavyopasuka, na yeye akirudi nyuma na kuangusha mfuniko.

"Hukuwafuta."

"Umejuaje?"

"Nasikia. Haya, sasa usiwaguse."

"Wanashika chini. Nikiwaacha wataungua."

"Wameshika kwa sababu upande huo haujaiva. Punguza moto kidogo, ngoja. Samaki akiiva ataachia mwenyewe."

Hakungoja. Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria, na mwili wangu wote ukataka kuinuka. Nilishika ukingo wa kitanda. Tulikula changu waliokatika-katika, ngozi imebaki kwenye sufuria, na nilishukuru, kwa sababu tumbo langu lilikipokea chakula hicho. Lakini mchana wote sikutulia. Miguu iliniwasha. Niligeuka huku, nikageuka kule, nikawa nawapika upya wale samaki kichwani, hatua kwa hatua, mpaka nikachoka kama niliyesimama.

Tukaendelea hivyo. Akifika jikoni huiweka simu kwenye rafu ya viungo, sauti imefunguliwa, na mimi chini nasikiliza. Nilikuja kugundua kwamba nusu ya upishi wangu nilikuwa naufanya kwa masikio bila kujua. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta kina maji, kinapiga kelele nene. Maji yakipungua, sauti inakuwa nyembamba, ya kukwaruza, na hapo ndipo pa kutia tungule, yaani nyanya. Ukizitia mapema mchuzi unabaki na ladha ya kitunguu kibichi, na hakuna bizari ya kuificha. Hilo alilielewa upesi kuliko yote. Mashine za boti nazo huzisikiliza kwanza kabla ya kuzifungua.

Tui lilimsumbua zaidi. Alikuna nazi vizuri, ana nguvu, lakini alikuwa akilitia tui zito mwanzoni, anafunika sufuria na kuliacha lichemke mpaka linakatika, mafuta huku na maji kule. Nilimwambia: kamua kwa maji ya vuguvugu, si baridi. Tui la kwanza, lile zito, liweke kando. Pikia lile la pili, jepesi. Vitu vikishaiva ndipo utie zito, moto uwe mdogo, usifunike, na ukoroge upande mmoja mpaka uone linataka kuchemka. Hapo epua.

"Kwani likichemka kidogo lina nini?" aliuliza.

"Wewe epua."

"Nataka kujua sababu."

"Sababu sijui. Mamangu aliniambia niepue nikaepua."

Nikamsikia anacheka peke yake huko juu, na mimi nikageukia ukuta nikiwa nimekasirika bila sababu. Yeye alikuwa anajifunza, na mimi nilikuwa nalala. Kila siku mikono yake ilikuwa mizoefu zaidi, na yangu ilikuwa juu ya shuka. Nilikuwa namuuliza maswali ambayo hayakuwa na haja: umefuta rafu, umefunika mchele, paka ameingia? Nilimtaka aniletee upawa nionje. Alikuwa anashuka mbio na mchuzi unadondoka kwenye ngazi, naonja, nasema ndimu kidogo, anapanda, anashuka tena. Siku nyingine hakukuwa na kasoro yoyote, lakini nilisema chumvi bado, ili tu nimwone tena.

Sista alikuwa akipita kunitazama akitoka zamu. Yeye hapiki kama sisi. Aliniletea mbaazi siku moja, laini kabisa, nikamuuliza anapata wapi muda.

"Sina muda, dada," alisema. "Nazilowesha usiku. Asubuhi nazichemsha vizuri, zikitokota sana nafunika, nafunga sufuria yote kwa blanketi na kuitia kwenye kikapu. Naenda kazini. Nikirudi zimelainika zenyewe, nachemsha tena kidogo kwa moto. Gesi haiishi."

Mume wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Kesho yake niliamka blanketi langu la miguuni halipo.

Kisha ikafika ile siku ya samaki wa kupaka. Alikuwa amepata kolekole mzuri, amempasua, amemchoma kwenye makaa, na alikuwa anapika tui la kumpakia, lenye ukwaju, kitunguu saumu na pilipili. Tulikuwa tunazungumza kwenye simu, nikasikia anasema neno kuhusu ndimu, halafu simu ikakatika. Nikapiga. Haipatikani. Chaji imemwishia, nikadhani, na nikatulia. Halafu harufu ikashuka. Kwanza ile tamu ya tui linalokolea. Baadaye kidogo ikawa na uchungu ndani yake.

Niliita. Nikaita tena kwa sauti kubwa. Hakuna aliyejibu. Nilikumbuka makuti yalivyo makavu, na makaa yaliyo wazi, na upepo unavyopiga pale darini mchana. Nilipanda. Sikufikiri. Nilishika ukuta, nikapanda ngazi zile nilizokatazwa, na juu nikakuta jikoni hakuna mtu, sufuria inatoa moshi. Niliepua kwa kanga. Nikamimina tui la juu kwenye bakuli bila kukwangua chini, kwa sababu ukikwangua tu, harufu ya kuungua inaingia kote. Nilifanya hayo yote kwa utulivu. Nilipomaliza ndipo nikaketi sakafuni.

Mume wangu alikuja na ndimu mkononi. Alikuwa ameteremka dukani tu, amekutana na mtu mwenye boti iliyokataa kuwaka, wakasimama. Akaniona pale sakafuni. Akaziweka ndimu chini moja moja, kama vitu vinavyoweza kuvunjika.

"Kuna damu?" aliuliza.

"Sijui. Sijatazama. Naogopa."

Alikwenda kumwita Sista. Sista akaja na nguo zake za kazini, akanilaza kwenye mkeka palepale, akanipima, akanitazama. Hakukuwa na damu. Akatia mkono tumboni akangoja mpaka mtoto akacheza, na nikaona na yeye akishusha pumzi. Mume wangu akataka anibebe kunirudisha chumbani. Sista akamwambia ngazi ile ni nyembamba na mwinamo wake ni mkali, mkianguka mtaanguka wawili, au watatu.

"Basi afanyeje?"

"Alale hapa kwanza. Daktari kasema alale, hakusema alale chumba gani. Choo cha huku juu kinafanya kazi?"

Kilikuwa kinafanya kazi. Sista mwenyewe alimpigia daktari. Daktari akanigombeza kwenye simu kwa muda, kisha akakubali nisiteremke mpaka siku ya kwenda hospitali, na siku hiyo nishushwe kwa kiti na wanaume wanne.

Hivyo nikahamia jikoni. Mume wangu alipandisha godoro, akalitandika upande wa upepo, mbali na moshi, akanifungia chandarua kwenye boriti. Nilidhani nitatulia. Sikutulia. Kumsikia mtu akipika vibaya ni taabu, lakini kumwona ni zaidi. Nilimwona anavyokata kitunguu kama anayekata mpira wa mashine. Nilimwona anavyoosha mchele mara moja na kuridhika. Nilimwambia auoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, autie maji yafike pingili ya kwanza ya kidole juu ya mchele, na ukikauka aupalie makaa juu ya mfuniko, apunguze ya chini, asifunue. Alifunua. Kila mara alifunua. Alikuwa hawezi kuamini kitu asichokiona, na mimi nilikuwa siwezi kukiacha kitu nilichokiona.

Mamangu aliwasili katikati ya hali hiyo, babangu alipoanza kutembea na fimbo. Alipanda hadi darini akihema, buibui bado mwilini, akanikuta nimelala na mkwewe amechuchumaa mbele ya jiko.

"Mbona mwanangu amelazwa jikoni kama gunia?" alimuuliza. "Na wewe bwana, kazi zako zimekwisha?"

Mume wangu aliinuka kwa heshima, akamsalimia, akampisha. Mamangu alishika mwiko. Kwa siku kadhaa alipika yeye, na kilikuwa chakula cha utoto wangu, muhogo wa nazi, mchuzi wa papa, na sikuwa na la kusema. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini, anakaa pembeni ya godoro, anaitazama sufuria ya mamangu kwa mbali, na mikono yake haijui pa kukaa.

"Mama ametia zito mapema," alininong'oneza siku moja.

Nilitazama. Kweli alikuwa amelitia mapema. Na halikukatika, kwa sababu alikuwa amepunguza moto mpaka karibu kuzimika, na hakuacha kukoroga.

"Mama," nilimwita, "mbona wewe ulinifundisha zito mwisho?"

"Nilikufundisha hivyo kwa sababu ulikuwa huna subira ya kukoroga," alisema, bila kugeuka.

Mume wangu akaomba akoroge yeye. Mamangu akamtazama, akatazama mikono yake, akamtuma kuinawa tena kwa sabuni. Kisha akampa mwiko.

Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, mapema kidogo kuliko ilivyotarajiwa, mdogo lakini anayelia vizuri. Nilishushwa kwa kiti kama daktari alivyosema, na nilifumba macho mpaka mlangoni. Arubaini yangu mamangu alinipikia uji wa pilipili manga, na zamu ya mchana ilikuwa ya mume wangu, wameshapatana wao kwa wao.

Sasa nimesimama tena mbele ya jiko langu. Yeye hupika siku za Ijumaa, na siku hizo nashuka kwa jirani na mtoto, kwa sababu nikibaki nitapanda. Nikiwa kwa jirani nasikia upepo umegeuka, nanusa, namwambia jirani hicho ni kitunguu, bado kina maji. Ananiambia nikae ninywe chai. Nakaa. Kikombe hakijafika nusu, nimeshasimama mlangoni na mtoto begani, shingo imeelekea darini kwetu.