Santuri ya Wajerumani Imekuzika

Juma mjukuu wangu, umekaa Jinja hadi majirani hapa Namatala wamekuzika!

Santuri yako ya Wajerumani imefika leo. Ile ile uliyonayo, wameitoa upya tu, nawe ukanunua tena. Nikaipiga nisikie kama imekwaruzika, ulivyoniagiza.

Yalaa! Ngoma haikomi, mtu analia kama kafiwa.

Kugeuka, ua umejaa wanawake, kuni za matanga vichwani.

"Pole kwa mjukuu wako, jaja. Kumbe ndiyo maana Juma haonekani."

"Hajafa! Huu ni muziki wake!"

"Muziki gani huo, jaja? Lia tu."

Rafiki zake mnaosoma hii kwenye ukurasa wake, nani alimfundisha kupenda muziki huu?

Ukija, Juma, pitia kwanza kila nyumba wakuone unapumua. Na kila mmoja umrudishie kuni zake.