Mstari wa Chini Katika Nembo ya Chuo

Hili lilinipata mimi mwenyewe, si jirani, si shoga yangu. Sikuhadithiwa. Na usidhani nimekaa nikalitunga, maana kutunga kunataka nguvu na mimi sina. Tangu siku ile nalala nimechoka, naamka nimechoka.

Kazi yangu ni kuchora nembo na mabango, hapa Amu, yaani Lamu, katika chumba cha chini cha nyumba ya mama. Nina kompyuta moja, printa ndogo, na feni inayolia kutwa. Wateja wangu wote wana ugonjwa mmoja. Wanakuletea kipicha cha simu, ukubwa wa ukucha, wanataka kiwe bango la kufunika ukuta. Ukikivuta kinapasuka. Ukingo unakuwa ngazi ngazi, maandishi yanakuwa ukungu. Nimewaeleza watu hayo mara ngapi? Picha ya simu ni viraba vidogo vidogo vilivyopangwa pamoja. Ukiikuza unakuza viraba, huongezi kitu. Dawa ni kuichora upya, mstari kwa mstari, kwa kile tunachokiita vekta. Mchoro wa namna hiyo kompyuta inaukumbuka kwa hesabu. Ufanye mdogo kama kifungo au mkubwa kama nyumba, ukingo wake utabaki safi vile vile. Lakini kuuchora kunakula macho, na mgongo pia.

Basi mwenyekiti wa kamati ya chuo kimoja cha Kurani kule Mbwajumali akanipigia simu. Nitamwita Bwana Athmani, ingawa si jina lake. Chuo kilikuwa kimejenga darasa jipya, na sherehe ya kulifungua ilikuwa karibu. Alitaka nembo ya chuo kwenye bango la mita tatu. Nembo yenyewe ilikuwa imechongwa zamani kwenye ubao juu ya mlango, na ubao ulishaliwa na mchwa. Kilichobaki ni picha ya cheti cha zamani, imepigwa kwa simu, imetumwa na kutumwa tena mpaka haina uso.

Niliangalia ile picha nikaguna. Kulikuwa na kitabu kilichofunguliwa, kalamu ya tete, maandishi ya Kiarabu yamezunguka juu, na chini mstari mmoja mnene uliopinda kama mwezi mchanga. Maandishi hayakusomeka. Nikampigia.

"Bwana Athmani, hapa juu pameandikwaje? Nisije nikakosea nukta nikabadilisha maana. Hiki ni chuo cha Kurani."

"Bi, wewe ikuze tu," akasema. "Nani atasoma? Watu wataangalia rangi."

Nikasema haya. Siku tatu nilikaa na ile nembo. Stima inakatika, inarudi, napoteza nusu ya kazi, naanza tena. Siku ya tatu nilikuwa sina hata hamu ya kula. Nikasema moyoni, nitakisia, niimalize, nilale.

Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, saa ile ambayo Amu yote inalala. Kichochoro kilikuwa kitupu, jua limesimama. Mama alikuwa juu amejipumzisha. Nikasikia hodi. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niligeuza kichwa tu, nikaona mzee mmoja mfupi, kanzu nyeupe iliyofuliwa mara nyingi, kofia ya kito, ile ya kudariziwa kwa mkono. Akatoa salamu, nikaitikia, nikamkaribisha. Akakaa kwenye kigoda kilicho karibu na mlango, hakusogea zaidi.

"Ndia ilikuwa ndefu yeo," akasema, kwa lahaja ya wazee: njia, leo.

Nikamuuliza anataka nini, chapa au picha ya pasipoti. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye kompyuta. Kile kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kwenye kifundo, kama kilivunjika kikaungwa vibaya.

"Nukta hapo ni mbili, mwanangu. Si moya."

Sasa niamini ninapokwambia: kutoka kile kigoda mpaka kwenye kioo cha kompyuta ni hatua nne. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa miwani na nimeinamia. Yeye aliona vipi? Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akipata msaada haulizi umetoka wapi. Nikaweka nukta mbili. Neno likasomeka papo hapo, kama limefumbua macho.

"Mkono wa herufi hiyo hauishii hapo. Ushushe. Zaidi. Basi."

Tukaendelea hivyo. Yeye anasema, mimi navuta mstari. Anajua kila kona, anajua pale kalamu ilipoinuliwa na pale ilipokandamizwa. Nilimuuliza, "Mwalimu, wewe unatoka Mbwajumali?" Akasema, "Nipo huko." Tulipofika kwenye ule mstari wa chini nikauchora kwa haraka, mnene, laini. Akainua kile kidole.

"Huo uendee pole pole," akasema. "Huo ndio nilioujia."

Hapo hapo stima ikakatika. Feni ikanyamaza, kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Kwenye ule weusi nikajiona mimi, na nyuma yangu nikaona mlango, na kigoda. Kigoda kilikuwa kitupu.

Nikageuka. Mzee amekaa pale pale, mikono juu ya magoti, ananitazama kwa upole.

Ungefanya nini wewe? Mimi sikupiga kelele. Nilihisi baridi kutoka kwenye vidole mpaka begani, nikarudisha uso wangu kwenye meza, nikaanza kusoma nilichokikumbuka. Ayatul Kursi niliianza mara mbili, inanipotea. Stima iliporudi nilikuwa peke yangu. Sikusikia nyayo wala mlango.

Nikawasha kompyuta nikijua kazi yote imekwenda, maana sikuwa nimeihifadhi. Nikafungua faili. Nembo ilikuwa pale, kamili, na ule mstari wa chini umekwisha kuchorwa. Sikuutazama sana. Nakwambia kweli, nilitaka itoke mikononi mwangu. Nikashika nembo kwenye kona, si ubavuni, isije ikavutika upande mmoja, nikaikuza mpaka mita tatu. Nikaitoa kama faili ya PDF, mistari yenyewe, bila kuigeuza kuwa picha, nikamtumia mchapishaji Mombasa. Bango lilikuja kwa basi mpaka Mokowe, gati ya bara, limezongwa na kufungwa kamba. Sikulifungua.

Siku ya sherehe nilipanda boti mpaka Faza, kisha bodaboda mpaka Mbwajumali, bango nimelipakata. Uwanja wa chuo ulikuwa umejaa watu. Bwana Athmani akanipokea kwa furaha, vijana wawili wakalitundika bango juu ya mlango wa darasa jipya na kulikunjua.

Rangi zilikuwa nzuri. Watu wakaanza kusifu. Kisha bibi mmoja mwembamba akatoka upande wa wanawake, akasogea mpaka chini ya bango. Watu walimwita Bi Zena. Nyumba yake ndogo ya makuti ilikuwa nyuma ya chuo, na baadaye niliambiwa kuwa kamati ilikuwa imempa mwezi mmoja ahame, wapate kujenga vyoo. Bwana Athmani alikuwa akisema kiwanja chote kilikuwa cha babu yake.

Bi Zena alikuwa akiuangalia ule mstari wa chini. Na mimi nikauangalia. Haukuwa mstari. Yalikuwa maandishi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yamebanwa pamoja hata kwa mbali yakaonekana wino mmoja. Kwenye mita tatu kila herufi ilikuwa na urefu wa kidole, kali kama imekatwa kwa wembe. Bi Zena akasoma kwa sauti:

"Nti hii ni wakfu wa Bi Mwanaesha. Kizazi chake kisiondolewe hapa."

Nti, yaani ardhi. Mwanaesha alikuwa nyanya ya Bi Zena.

"Nani aliyekwambia uandike hayo?" Bwana Athmani akaniuliza.

Nikawaeleza. Mzee mfupi, kofia ya kito, kidole cha shahada kimepinda kwenye kifundo. Nilipofika kwenye kidole Bi Zena akakaa chini, mchangani, akafunika uso kwa buibui.

"Huyo ni Mwalimu Shee," akasema. "Ndiye aliyeuchonga ubao. Alitumia tezo ya kuchongea mbao, ikamvunja kidole. Mwanangu, Mwalimu Shee tulimzika mimi sijaolewa."

Wazee wawili waliokuwa wamesoma pale utotoni wakathibitisha kwamba hati ile, ule mwandiko, ni yake. Mmoja akasema ubao ulikuwa na maandishi chini, madogo sana, walikuwa wakiyapapasa kwa vidole wakipandishana mabegani. Bwana Athmani aliamuru bango lishushwe. Hakuna aliyenyanyuka. Mpaka leo liko juu, na Bi Zena yuko nyumbani kwake. Bwana Athmani anasema nilihongwa. Nani wa kunihonga, na mkono umenishika baridi mpaka begani tangu adhuhuri ile? Nimekwenda hospitali, nimesomewa, nimepakwa mafuta. Asubuhi nashika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Niliporudi Amu nilifungua faili. Nilitaka kuona zile herufi zilichorwa vipi, mimi ambaye sikuzichora. Nikakuza. Zikabaki safi. Nikakuza tena, mpaka herufi moja ikajaza kioo chote. Mwisho wa sentensi kulikuwa na nukta, na ndani ya ile nukta nikaona kitu kama unywele. Nikaendelea kukuza. Ule unywele nao ulikuwa maandishi, kwa hati ile ile. Neno la kwanza lilikuwa jina langu. La pili lilikuwa la mama.

Nikaizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani.

Sijui sentensi ile inaishaje, na sitaki kujua. Kuifuta faili naogopa, kuifungua naogopa. Basi wewe unayefanya kazi hii yetu, nisikilize. Ukipewa maandishi usiyoweza kuyasoma usiyakisie, nenda ukamwulize anayeyajua, angali hai. Na ukikuza, kuza mpaka pale kazi inapokutosha, uache. Usiendelee kutazama ndani.