Nafasi ya Vidole Viwili kwenye Amplifaya

Kosa langu la mwanzo, mdogo wangu unayejifunza ufundi peke yako kama mimi, lilikuwa kuogopa kukosea. Nakumbuka nilivyomaliza kuunda amplifaya ya gitaa pale nyumbani Kerege. Ilitumia valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Kila valvu ina kiasi chake cha umeme, ukizidi, inaungua. Ndani huwekwa volyumu ndogo ya kurekebisha umeme huo. Mimi, kwa wasiwasi, nikaibana volyumu hiyo kwa rezista, kile kifaa cha kuzuia umeme, ili isitoke kabisa kwenye kipimo cha valvu za mwenzangu nilichokipata mtandaoni. Kisha nikatangaza kwamba kazi yangu haina kasoro. Ngoma ivumayo haidumu.

Asubuhi ya harusi ya binamu yangu, ambako niliahidi kupiga gitaa, nikaweka valvu mpya badala ya zile za mwanzo zilizokwisha nguvu. Nikawasha. Mabamba ya chuma ndani yake yakaanza kuwa mekundu, dalili kwamba umeme umezidi. Nikazungusha volyumu mpaka mwisho. Umeme haukushuka vya kutosha. Nikazima, nikakaa sakafuni. Valvu nyingine sikuwa nazo.

Mama mkubwa Mwanaidi, fundi cherehani, alikuwa chumba kilekile akimalizia sare za harusi. Akaniuliza nani kafa. Nikamweleza, hata ile habari ya kufuata kipimo cha valvu za mwenzangu. Akacheka mpaka akasimamisha cherehani, kisha akanigeuzia gauni nione mshono kwa ndani.

"Hili la shangazi yako wa Miono, sijampima. Nimembakishia vidole viwili vya kitambaa. Akija kanenepa, nafumua. Akija kakonda, nabana. Wewe, mwanangu, umemshonea usiyemjua, sasa unamlaumu kwa tumbo lake."

Nikasema basi nitaacha nafasi kubwa kabisa.

"Hilo litakuwa turubai."

Nikabadilisha rezista, volyumu ikapata nafasi ya kiasi kushuka na kupanda. Nikaanzia chini, nikapandisha taratibu, macho kwenye mita ya kupimia umeme. Mabamba yakabaki meusi. Jioni ile, harusini kule Mlingotini, nilipiga mpaka mama mkubwa akavua viatu akacheza.

Basi, mdogo wangu, usikibane kitu kwa hofu, wala usikilegeze kwa uvivu. Vifaa havifanani, na watu vilevile. Waachie nafasi, nawe jiachie. Mungu akutulizie mkono, akujaalie wazee wa kukucheka kwa upendo.

Mimi bado nina wasiwasi, ila siku hizi napima kwanza, naacha nafasi, na usiku nalala.